Bei ya uso mmoja: Hesabu ambayo wapambaji wanaoanza Mulago hawaifanyi

NA MWANDISHI WETU, KAMPALA

Tulikuwa wanawake sita katika chumba kimoja cha kupanga Mulago, bondeni chini ya kilima cha hospitali kuu ya rufaa, saa kumi na moja alfajiri. Nje bodaboda zilikwisha kuanza kuwapandisha wauguzi wa zamu ya asubuhi. Ndani, binti mmoja wa miaka ishirini na kitu alikuwa ametandaza vifaa vyake kitandani juu ya leso: faundesheni za rangi tatu, poda, rangi za kope, lipstiki nne, wanja, sponji moja na maskara moja. Binamu yangu alikuwa na kwanjula siku hiyo, ile sherehe ya Waganda ambapo binti humtambulisha mchumba wake kwa wazazi na ukoo, na kwanjula haiendi bila gomesi zilizonyooshwa na nyuso zilizopambwa.

Binti alitaka Sh40,000 za Uganda kwa kila uso. Mimi ndiye niliyezungumza naye kwa niaba ya wenzangu, na mimi ndiye niliyemshusha hadi Sh25,000. Nilimwambia tuko sita, nikamwambia ndiyo kwanza anaanza, nikamwambia tukipendeza tutamletea wateja. Alikubali. Nilijiona hodari wa kupatana bei.

Siku ya tatu niliamka jicho la kulia limegandana kama lililopakwa gundi. Nilipompigia binamu yangu, naye alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kati yetu sita, wanne tuliugua.

Ilikuwa Machi 2024, na sitadai kwamba nina uhakika ni maskara ile. Ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umezagaa Afrika Mashariki nzima. Dar es Salaam waliuripoti Januari, pwani ya Kenya ikafuata, na mwezi huo wa Machi Wizara ya Afya ya Uganda ikatangaza kuwa umeingia magerezani na shuleni. Kushikana mikono na mtu aliyetoka kujifuta jicho kunatosha kuupata. Lakini maskara ilikuwa moja, macho yalikuwa kumi na mawili, na hakuna aliyeuliza kitu.

Miezi kadhaa baadaye nilimtafuta yule binti. Sikwenda kugombana naye. Nilitaka kujua kwa nini mtu mwenye mkono mzuri kiasi kile, anayejua kulinganisha rangi ya faundesheni na shingo ya mtu kwa mwanga wa balbu moja, alikuja kufanya kazi na sponji moja. Jina lake nalihifadhi. Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba chake, tukachukua daftari la shule, tukaanza kuandika gharama.

Sh2,500 za saa tatu

Tulichukua mfano wa mteja mmoja wa mahafali. Kwa wapambaji wa Mulago, Wandegeya na Kamwokya, mahafali ya Makerere, ambayo kwa kawaida huangukia Januari au Februari, ni msimu kama wa mavuno. Mteja yuko Ntinda, anataka kupambwa nyumbani, na bei waliyopatana ni Sh30,000, kwa sababu ndiyo bei ambayo jirani yake pia anatoza.

Bodaboda kwenda na kurudi ni Sh10,000. Kope za bandia ni Sh5,000. Faundesheni, poda, rangi na uchakavu wa brashi, ukigawanya bei ya kila chupa kwa idadi ya nyuso inazopaka, hufika Sh7,000. Hapo ndipo alipokuwa akiishia kuhesabu. Nikamwomba aongeze sponji mpya ya Sh3,000, vijiti vya kutupa vya maskara na lipstiki Sh600, na pamba, tishu na spiriti Sh1,900. Jumla ni Sh27,500.

Kilichobaki ni Sh2,500. Kwa safari, kusubiri mteja amalize kuoga, na kazi yenyewe, hizo ni saa tatu. Hiyo ni pesa ya rolex moja, chapati ile ya mayai ya barabarani, na huenda isitoshe kuongeza nyanya.

Sasa futa sponji, vijiti, pamba na spiriti, yaani Sh5,500 za usafi. Faida inapanda hadi Sh8,000. Uchafu umeongeza faida zaidi ya mara tatu. Nilipoona tarakimu hiyo kwenye daftari nilielewa kwa nini mihadhara kuhusu usafi haiwasaidii sana mabinti hawa. Wengi wao wanajua sponji moja haifai kwa watu sita. Bei waliyokubali ndiyo inayowalipa kuwa wachafu.

Tukarudi kwenye siku ya kwanjula yetu. Hapo hakukuwa na bodaboda, kwa sababu anaishi mtaa huohuo. Usafi kamili wa nyuso sita ungemgharimu Sh33,000. Sisi, kwa uhodari wangu wa kupatana bei, tulikuwa tumeokoa Sh90,000.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kupanga bei kwa kutazama ya jirani. Jirani naye alitazama ya mwingine, na huyo mwingine pengine anafanyia kazi sebuleni kwa mama yake, halipi kodi ya nyumba wala nauli. Bei ianze na gharama, kisha iongezwe ujira wa saa, na chini ya hapo mtu akatae. Katika mfano wetu, mteja yule wa Ntinda akilipa Sh50,000, binti anabaki na Sh22,500 akiwa amefanya kazi safi. Hiyo si dhahabu, lakini ni kazi.

Kosa la pili ni kuweka nauli ndani ya bei. Anayepambwa Mulago na anayepambwa Mukono hawawezi kulipa sawa. Nauli isimame peke yake, na kazi inayoanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi iwe na nyongeza, kwani bodaboda ya saa tisa usiku ni ghali na ni hatari kwa msichana mwenye begi la vifaa. Vilevile nusu ya malipo itangulie kwa simu kabla tarehe haijaandikwa daftarini, na makubaliano yaandikwe katika ujumbe: siku, saa, idadi ya nyuso, bei, na kwamba pesa ya awali hairudishwi mteja akighairi. Harusi ya Kampala huanza na nyuso nne na kuishia na tisa, kwa sababu mashangazi hufika asubuhi na kila mmoja anataka kuguswa kidogo tu. Kidogo hicho kinakula poda na kinakula saa.

Kuna jambo moja ambalo yule binti mwenyewe alilibuni tulipokuwa tunahesabu, na naliona bora kuliko ushauri wangu wote. Mteja akiomba punguzo, yeye huondoa kope za bandia. Sh5,000 zinashuka, uso unabaki mzuri, na pamba na spiriti haziguswi. Punguzo litoke kwenye mapambo, lisitoke kwenye usafi. Na sponji mpya mteja huondoka nayo nyumbani, hivyo anaona kwa macho yake alicholipia.

Pamba, spiriti na kijiti cha kutupa

Juu ya kilima, katika hospitali iliyoanza mwaka 1913, mkasi wa upasuaji haugusi mgonjwa wa pili bila kupitishwa kwenye mvuke wa moto. Chini bondeni brashi inapita kwenye nyuso nane kwa asubuhi moja. Hakuna anayemdai mpambaji mtambo wa mvuke. Anachodaiwa kinaenea kwenye mfuko mdogo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, Uingereza, walipima vipodozi ambavyo watu walikuwa wakivitumia: maskara, lipstiki, mafuta ya mdomo yenye kung'aa na sponji. Karibu tisa kati ya kila kumi vilikuwa na bakteria, wakiwemo wale wa kinyesi. Sponji ndizo zilizotia fora. Asilimia 93 hazikuwahi kusafishwa hata mara moja, na nyingi zilikwisha kuangushwa chini na kuendelea kutumika. Hivyo vilikuwa vipodozi vya mtu na uso wake mwenyewe. Vya mpambaji hutembea nyumba kwa nyumba.

Sponji hubaki na unyevu ndani hata ikikauka nje, na unyevu pamoja na mabaki ya faundesheni ni chakula cha vijidudu. Ndiyo maana kwa kazi ya kulipwa ni afadhali sponji ya mtu mmoja. Brashi ni tofauti kidogo, kwani nywele zake husafishika. Kati ya mteja na mteja zifutwe kwa tishu mpaka rangi itoke, zipuliziwe spiriti, na ziachwe zikauke zenyewe. Jioni zioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, zilazwe ncha zikielekea chini kidogo, maji yasiingie kwenye gundi ya mpini. Anayeanza anahitaji angalau seti mbili, ili moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi.

Spiriti iwe ya asilimia 70. Wengi hudhani ile ya asilimia 99 ina nguvu zaidi na huinunua kwa bei kubwa bure. Iliyo kali mno huruka hewani kabla haijafanya kazi, na maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya ndani ya kijidudu. Tangu enzi za korona kila duka la dawa linaijua.

Maskara ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu chupa ina giza, ina unyevu, na kijiti chake kinatoka jichoni na kurudi ndani. Dawa yake ni vijiti vya kutupa: kimoja jicho la kulia, kingine la kushoto, na kilichogusa kope hakirudi kwenye chupa. Ikifika miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupwe hata kama haijaisha. Lipstiki isipakwe moja kwa moja mdomoni. Ikwanguliwe kwa kijiko kidogo, iwekwe juu ya kibao cha chuma, ichotwe hapo kwa brashi. Wanja wa penseli uchongwe upya kwa kila mteja, ncha ifutwe kwa spiriti. Poda na rangi ya kope zilizogandishwa zinaweza kupuliziwa spiriti juu juu na kuachwa zikauke.

Halafu kuna mdomo wa mpambaji mwenyewe. Nimeona wapambaji hodari wakipuliza brashi ili poda iliyozidi itoke, pumzi yote ikienda usoni kwa mteja, au wakijaribu faundesheni nyuma ya mkono ambao haujanawa tangu walipolipa bodaboda. Mikono inawe mbele ya mteja. Si kwa maonyesho, ingawa maonyesho nayo yanasaidia bei.

Lililo gumu kuliko yote ni kumkataa mteja. Jicho jekundu, malengelenge ya mdomo, mashilingi shavuni, upele usioeleweka: hao hawapambwi mpaka wapone, au wapambwe sehemu isiyougua kwa vifaa vya kutupa. Kumwambia hivyo dada ya bi harusi saa mbili kabla ya gari kufika kunahitaji moyo. Afadhali onyo liwe tayari kwenye ujumbe wa makubaliano, ili siku ya siku mpambaji asionekane anabuni dharau. Uganda ilithibitisha wagonjwa wa homa ya nyani Agosti 2024, ugonjwa unaopita kwa ngozi kugusana na ngozi. Januari 2025 Ebola ikamuua muuguzi wa Mulago, na Kampala nzima ikakumbuka jinsi mguso wa mtu unavyoweza kuwa mzito. Mpambaji hukaa kwenye pumzi ya mtu kwa saa nzima. Ana haki ya kujilinda kama alivyo na wajibu wa kulinda.

Na gundi ya kope ijaribiwe kidogo nyuma ya sikio siku moja kabla, hasa kwa bi harusi. Ndugu zetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia nyingine, kupitia piko, rangi nyeusi ya nywele inayopakwa mikononi badala ya hina na ambayo imewaachia maharusi wengine malengelenge na makovu.

Mkebe usiosema umetoka wapi

Anayeanza hununua vifaa vyake katikati ya mji, mara nyingi Kikuubo au kwa wachuuzi wanaozunguka na beseni. Huko faundesheni yenye jina la kampuni kubwa ya Marekani inauzwa kwa bei ya sabuni. Kila mtu anajua ni bandia. Swali ambalo haliulizwi ni kilichomo ndani.

Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kama zilivyofanya Kenya, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2023 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka bidhaa zenye haidrokwinoni zizuiwe katika nchi zote za Jumuiya, kwa sababu mkebe uliokatazwa upande mmoja wa mpaka ulikuwa ukivuka kutoka upande wa pili. Zebaki huweza kuumiza figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari huweza kuiacha ngozi na mabaka ya rangi ya samawati ambayo hayatoki kirahisi. Mpambaji anapaswa kujua kwamba zebaki haiandikwi kila mara kwa jina linalofahamika. Maneno kama "calomel", "mercurio" na "mercurous chloride" ni zebaki hiyohiyo.

Kwa bidhaa zinazotengenezwa Uganda, kuna alama ya ubora ya UNBS ya kutazama. Kwa za kutoka nje, mpambaji asome tarehe, jina la mtengenezaji na orodha ya viungo, na asinunue kilichokwanguliwa maandishi. Kwenye mikebe mingi kuna picha ndogo ya kopo lililofunguliwa na tarakimu kama 6M au 12M, maana yake ni miezi ya kutumia tangu siku ya kulifungua. Kalamu ya kuandikia tarehe hiyo chini ya mkebe ni kifaa cha kazi kama brashi.

Mteja akija na krimu yake ya kung'arisha na kumwomba ampake kabla ya faundesheni, mpambaji akatae. Hajui ni nini, na uso ukiharibika jina litakalotajwa ukumbini si la muuza krimu.

Leseni ya mtu asiye na duka

Nilimuuliza yule binti kama ana leseni. Akacheka. Leseni ya kitu gani, wakati duka lake ni begi?

Kicheko chake kina hoja. Mulago iko katika Divisheni ya Kawempe, na leseni ya biashara hutolewa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA. Ada hutegemea aina ya biashara na mahali ilipo.  Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya mlango, kaunta na ukuta wa kutundikia karatasi. Mtu anayefanya kazi leo Ntinda, kesho Entebbe, haonekani vizuri ndani yake, na askari wa jiji hamjui mpaka siku aweke kiti chake barazani.

Hata hivyo kuna mambo anayoweza kuyafanya sasa, na mengine hayagharimu kitu. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, URA. Jina la biashara huandikishwa katika Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Anayefanya biashara kwa jina lake halisi halazimiki kuliandikisha, lakini akijiita malkia wa urembo au kitu kama hicho, aandikishe. Mtu aliyetumia miaka mitatu kulijenga jina mitandaoni akiwa hajaliandikisha anaweza kuamka siku moja amekuta limeandikishwa na mwingine.

Kodi ndiyo inayowatisha wengi, na woga huo mara nyingi ni mkubwa kuliko kodi yenyewe. Kwa utaratibu wa wafanyabiashara wadogo ulioanza Julai 2020, mwenye mauzo yasiyozidi Sh10 milioni kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Kwa bei ya Sh50,000, hizo ni nyuso 200 kwa mwaka, karibu nne kila wiki. Wanaoanza wengi hawafiki hapo. Anayevuka, akiwa na mauzo kati ya Sh10 milioni na Sh30 milioni, hulipa Sh80,000 kama hana kumbukumbu. Kama anazo, hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi Sh10 milioni. Mwenye mauzo ya Sh18 milioni na daftari hulipa Sh32,000. Daftari la shule, lile tuliloandikia gharama, limemwokolea Sh48,000.

Njia ambayo wapambaji wengi hupitia ni kukodi kiti ndani ya saluni ya mtu. Saluni ina leseni yake na hupokea wakaguzi wa afya, na mpambaji hupata anwani, maji ya bomba na mahali pa kukausha brashi. Ni njia nzuri ikiwa makubaliano yameandikwa: nani analipa umeme, mteja aliyekuja kwa jina la mpambaji ni wa nani, na leseni ya saluni inataja urembo au ususi pekee. Kuna saluni ambazo leseni iliyotundikwa ukutani ni ya mwaka juzi. Aisome kabla ya kutoa pesa.

Lakini leseni ya biashara haipimi ustadi wala usafi. Inasema tu kwamba umelipa na uko mahali fulani. Katika majimbo mengi ya Marekani, anayegusa uso wa mtu kwa malipo hupita kwanza kwenye mafunzo ya saa maalumu na mtihani wa kuua vijidudu. Kwetu cheti hakimzuii mtu kufanya kazi, ila kinaweza kumsaidia kutetea bei. Kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ilikuwa ikiwapima mafundi waliojifunza mitaani bila shule, wasusi wakiwemo, na kuwapa vyeti vya serikali. Vyeti vya semina za siku tatu, zile zinazofungwa kwa picha na keki, ni jambo jingine. Vingine ni vizuri, vingine ni keki tu.

Begi linalovuka mpaka

Majirani wamelijaribu tatizo hili la mtu asiye na duka kwa njia zao. Desemba 2018 Tanzania ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000 za huko, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Vililalamikiwa, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki, lakini wazo lake lilikuwa sahihi: leseni ilimfuata mtu badala ya mlango. Kenya, vibali vya biashara viko mikononi mwa kaunti, na kila kaunti ina ada zake.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mpambaji wa Mulago anaweza kupanda basi la usiku, akashuka Kisumu asubuhi, akapamba harusi ya rafiki aliyesoma naye. Uhuru wa kusafiri anao. Karatasi inayosema huko Kisumu kwamba mkono wake umepimwa na vifaa vyake ni safi, hana. Kama Jumuiya inatafuta kazi ndogo ya kuanzia ili mtu wa kawaida auone utangamano, ingeweza kuanza na cheti kimoja cha usafi kwa wasusi, vinyozi na wapambaji, cha bei nafuu, cha mwaka mmoja, kinachotambulika Mulago, Kariakoo na Kibuye. Mtihani wake ungeweza kuwa wa nusu saa: onyesha unavyosafisha brashi, onyesha unavyotoa maskara, sema ni mteja yupi utamkataa.

Kabla ya hapo, sisi wateja tuna sehemu yetu. Kuuliza kijiti cha maskara kiko wapi si ufidhuli. Kumtaka mpambaji aje na sponji mpya huku unamshusha bei kwa theluthi moja ni ufidhuli.

Nilipokuwa naondoka, yule binti aliniuliza kama Sh50,000 haitawakimbiza wateja. Nilimjibu kwamba baadhi watakimbia. Alikwisha kuwapoteza wawili wa mahafali, waliokwenda kwa msichana wa jirani anayetoza Sh20,000. Alikuwa bado hajaamua kuhusu kiti cha saluni ya Wandegeya, kwa sababu mwenye saluni alitaka kodi ya miezi mitatu kwa pamoja. Kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga na sare ya shule ya mdogo wake, zilining'inia brashi kumi na mbili zilizofungwa kwa uzi, ncha chini, zikidondosha maji.